Sauti ya Jumanne

Tik.

Kisauti kidogo tu, kutoka chumba cha chini, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Tanuri la kupashia nyumba joto likanyamaza, na taa zote zikazimika pamoja nalo.

Lorna Haugen alisimama gizani jikoni, mwiko mkononi, akisikiliza. Ilikuwa Ijumaa ya Januari, saa kumi na moja kasorobo jioni. Dirisha ambalo kila siku lilimwonyesha nyumba ya jirani sasa halikuonyesha kitu ila weupe unaopita kasi. Tufani ya theluji ilikuwa imeingia mjini kutoka magharibi kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

"Mama?"

"Nipo hapa, kipenzi. Usisogee, nisije nikakukanyaga."

Akapapasa juu ya friji, akakipata kiredio cha betri, akakiwasha. Sauti ya mwanamume ikajaa jikoni, changamfu, ya kirafiki, sauti aliyoifahamu kuliko zote duniani.

"...na hapa Brandvold ni jioni nzuri kabisa, jamani! Jua tupu, anga safi, barabara kavu. Kama umechoka kukaa ndani, toka! Maduka yako wazi. Mtembelee mama mkwe, akushangae!"

Tilda, miaka sita, alikuja akishika ukuta mpaka akaipata sketi ya mama yake.

"Ansel anasema kuna jua."

"Ansel amekosea."

Lakini Lorna alijua kwamba hakukosea. Maneno yale Ansel aliyasema Jumanne, mashine ikayahifadhi, na leo mashine ilikuwa ikiyatoa. Mashamba ya mashariki yalikuwa bado na jua. Huko watu walikuwa wakivaa makoti na kuwasha magari, kwa sababu kwa miaka sabini kile kituo kidogo cha redio cha masafa ya kati hakikuwahi kuwadanganya. Walikuwa wakiendesha kuja moja kwa moja ndani ya ule weupe.

*

Yeye na Ansel walikutana miaka miwili nyuma, katika duka la Dahlgren, siku moja kabla ya tufani nyingine. Mji mzima ulikuwa umefurika mle ndani kugombea mikate, maziwa na betri. Lorna, ndani ya koti jekundu lililomzidi mabega, alinyakua pakiti ya mwisho.

"Samahani dada," sauti ikasema nyuma yake, "hizo betri nilikuwa nazitazama tangu nikiwa kule kwenye maziwa."

"Basi endelea kuzitazama. Ziko kwenye kikapu changu."

Mtu akacheka. Lorna akageuka ghafla.

"Hicho kicheko! Wewe ndiye unayenisomea bei ya ng'ombe kila asubuhi!"

"Ndiye mimi. Ansel Krueger. Pole sana."

Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, kiwiko cha koti kimezibwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme.

"Mimi nilidhani una miaka sitini. Na kitambi."

"Redioni wengi hunipa kitambi. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina hata paka. Nasikiliza tu."

Wakagawana betri, mbili kwa mbili, na kabla ya kufika kwenye malipo Ansel alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Baada ya hapo simu ya Lorna ililia kila siku saa tatu asubuhi, Ansel alipomaliza matangazo.

"Umesikia nilivyolitangaza lile sofa?"

"Eti 'lina madoa machache ya heshima'! Mwenyewe atakuua."

"Limeshanunuliwa, malkia wangu."

"Malkia gani anaosha vyombo vya wazee sabini kwenye nyumba ya wazee?"

"Wangu mimi. Mwambie Tilda leo nimemsomea tangazo la mbwa aliyepotea. Ana sikio moja jeupe, amtafute."

Hivyo ndivyo kituo kile kilivyokuwa. Kilisoma siku za kuzaliwa, saa za mazishi, paka waliopotea, na asubuhi za theluji orodha ya shule zilizofungwa, huku watoto wamejifunika blanketi wakiomba shule yao itajwe. Bibi yake Lorna hakumruhusu mtu hata kutafuna wakati wa matangazo ya vifo. Ulijua nani anaumwa, nani amepata mapacha, nani anauza trekta kwa sababu wanawe wamehamia mbali.

Kisha mwenye kituo akafariki, na warithi wakakiuza kwa kampuni ya mji wa mbali. Ilikuwa Oktoba. Studio ya barabara kuu ikafungwa, watu wakaambiwa imehamia kwenye mnara wa kurushia matangazo nje ya mji, watangazaji watatu wakaachishwa kazi. Ansel peke yake akabakizwa, akapewa kompyuta. Tangu siku hiyo, kila Jumanne alijifungia kwenye kabati la nguo nyumbani kwake, katikati ya makoti ili kusiwe na mwangwi, akazungumza wiki nzima kwa saa mbili. Alisema "habari za asubuhi" mara tano mfululizo, akicheka kila mara kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Hakumwambia mtu. Hata Lorna hakumwambia. Aliona aibu, kama mtu aliyepoteza kazi akaendelea kufunga tai kila asubuhi na kutoka.

Na siku ya kuzaliwa ya Tilda, Desemba, akasema hawezi kuja: yuko zamu. Lorna aliiweka redio mezani kando ya keki ili mtoto asione pengo. "Niko hapa studioni mpaka giza liingie," sauti ya Ansel ilikuwa ikisema, wakati jirani, Bibi Bertine, alipoingia na sahani yake ya viazi vya kuokwa na jibini.

"Ajabu," alisema akivua glavu. "Nimemwona Ansel sasa hivi kwenye mgahawa wa kule njia panda. Na mwanamke, wee! Koti la kijivu hilo, zuri kama la wakubwa wa benki."

Redioni Ansel akacheka.

Lorna alichukua simu akatoka nayo hadi barazani bila koti.

"Uko wapi?"

"Si unanisikia, mpenzi? Niko..."

"Nakusikia mara mbili, Ansel. Mmoja redioni, mmoja simuni. Yupi mwongo?"

Nyuma ya Ansel vikombe vya mgahawa viligongana.

"Naweza kukueleza."

"Anza na koti la kijivu."

"Huyu ni wa kampuni. Lorna, wanataka..."

"Mtoto amekuwekea kipande cha keki. Cha pembeni, chenye ua." Akakata.

Wiki tano hawakusemezana. Lakini kila asubuhi aliwasha redio, akamsikiliza, akajichukia kwa kumsikiliza. Mji ulikuja kujua habari ya kabati kidogo kidogo, kwa minong'ono, wengi hawakuamini. Sauti ilikuwa ile ile.

*

Simu ikatetemeka mezani. Betri ilionyesha alama moja nyekundu.

"Lorna? Uko ndani? Tilda yuko ndani?"

"Tuko ndani. Na wewe uko redioni na jua lako!"

"Nimeisikia sauti yangu. Niko kwenye gari, nayo bado inacheka. Nimepiga kampuni, inajibu mashine. Nakwenda mnarani."

"Mnara uko maili sita! Una wazimu?"

"Pana jenereta pale, na mtambo wenyewe. Nachomoa waya wa kompyuta, nachomeka kipaza sauti, basi."

"Huoni hata boneti ya gari lako, Ansel."

"Nafuata ua wa waya wa shamba la Thorson. Nguzo moja, halafu nguzo nyingine."

"Waachie polisi!"

"Polisi hawajawaambia watu watoke. Nimewaambia mimi." Upepo ulipiga simu yake kama turubai. "Lorna, siku ile ya keki..."

Simu ikafa. Lorna akaibonyeza, akaitikisa, akaipasha kwapani. Haikuamka.

Alimfunika Tilda blanketi tatu, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo, akakaa chini sakafuni kando yake na redio mapajani. Kila mtu wa Brandvold anamjua mtu aliyepatikana amekufa mwezi wa Aprili, theluji ilipoyeyuka, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Lorna aliwajua wawili. Mmoja alikuwa ametoka kuangalia ndama tu.

"...mwenye jiko la kuchomea nyama alitoe nje, jamani," Ansel wa Jumanne alikuwa akisema. "Jioni kama hii hairudi mara mbili!"

Alitamani kuzima. Hakuthubutu. Kila kicheko kilimchoma, kwa sababu aliyecheka alikuwa na joto na makoti pande zote, na mwingine alikuwa huko nje akihesabu nguzo kupitia kioo kilichoganda. Nguzo ngapi kwa maili? Na zikikatika? Na gari likiingia mtaroni?

Liliingia. Hilo Lorna hakulijua: robo maili kabla ya mnara pikapu ilishuka mtaroni taratibu, kama inayolala, na Ansel akatoka kwa dirisha. Aliushika waya wa ua kwa mkono wa kushoto na hakuuachia hata glavu ilipochanika. Mara mbili aliketi chini kupumzika. Mara ya pili palikuwa pazuri mno pale chini, pa joto kabisa, joto la mtu anayeganda, na hapo ndipo alipoogopa akainuka.

Nyumbani pumzi ya Tilda ilianza kuonekana hewani, moshi mdogo mweupe.

"Mama, kwa nini unalia na Ansel anachekesha?"

"Silii. Jicho tu."

"...na usisahau kumbu—"

Sauti ikakatika katikati ya neno. Mchakacho. Kisha mchakacho nao ukaisha, na kilichobaki ni upepo.

Lorna aliinamia redio. Redioni kitu kilianguka, kama chuma kwenye saruji. Mtu alikohoa. Meno yaligongana.

"Hii... hii ni Redio Brandvold. Mimi ni Ansel Krueger. Ni Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nasema sasa hivi. Yale ya jua niliyasema Jumanne, nikiwa nimejifungia kabatini kwangu. Ndivyo tumefanya tangu Oktoba, na nimewaficha. Nitukaneni kesho. Leo msitoke. Uliye mashariki, hata kama kwako bado ni shwari, tufani itakufika ndani ya nusu saa. Vua koti. Uliye barabarani, usiliache gari. Washa injini dakika kumi kila saa, fungua dirisha kidogo, safisha bomba la moshi. Usitembee. Mimi nimetembea, sikushauri."

Alisoma barabara moja baada ya nyingine, bila karatasi, zote alizozijua tangu utotoni, na majina ya wazee wanaoishi peke yao kando ya kila moja, ili jirani mwenye simu awapigie. Sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza. Lorna hakuwahi kuisikia nzuri kama ile.

Kisha akalifikia jina moja zaidi.

"Na Lorna. Najua niko hewani, wote mnasikiliza! Sina njia nyingine. Yule wa koti la kijivu alikuja kuweka tarehe ya kuangusha mnara. Nilikuwa namwomba aniachie saa moja tu ya asubuhi, ya kusema mwenyewe. Akakataa. Nilishindwa kukuambia kwamba mtu uliyekuwa unamsikiliza alikuwa hayupo. Nilidhani ukijua utaacha kusikiliza."

"Mwendawazimu," Lorna aliiambia redio, uso ukimwaka gizani. "Mbele ya wilaya nzima."

Aliendelea zaidi ya saa mbili, sauti ikizidi kuwa nyembamba. Kisha akasema mafuta ya jenereta yako chini kabisa, kwamba atajikunja kando ya mtambo wakati bado una vuguvugu, na kwamba mtu asijaribu kumfuata. Akaanza kuirudia barabara namba nane ya wilaya. Hakuimaliza.

Lorna aliiacha redio ikiwa wazi. Alimkumbatia Tilda ndani ya makoti na kuusikiliza ukimya ule mpaka dirisha likapauka.

*

Asubuhi upepo ulikuwa umelala na theluji imepanda hadi kwenye vioo. Aliusikia mngurumo kwanza, halafu akaliona gari la kusukuma theluji likija polepole, taa yake ya njano ikizunguka. Likasimama. Dereva akashuka, akamshusha mtu kama anavyoshushwa mzee.

Kofia ya rangi ya chungwa. Sikio moja limekuwa jeusi pembeni kwa baridi. Mkono wa kushoto umefungwa kwa skafu ya mtu mwingine.

"Nimemwambia hospitali kwanza," dereva alilalamika. "Hasikii. Nampa dakika tano, dada. Mke wangu jana alikuwa ameshashika funguo za gari, mtoto mgongoni. Dakika tano atazipata." Akarudi garini.

Lorna alisimama mlangoni.

"Wamenifukuza kazi," Ansel akasema. "Wamempigia dereva kwenye simu ya gari, wakamwomba anipe. Saa moja asubuhi! Jana hawakupokea."

"Na mnara?"

"Machi wanauangusha. Lorna, sina kazi. Pikapu iko mtaroni, na sikio hili sijui kama litabaki. Nilikuwa nimepanga kusubiri mpaka niwe na kitu." Midomo yake ilikuwa imepasuka, kila neno lilimuuma. "Utakubali nikuoe?"

"Sijasikia."

"Utakubali nikuoe?"

"Nimesikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka tu uirudie ukiwa hapa." Akamshika uso kwa mikono miwili, ulikuwa baridi kama sahani. "Ndiyo. Ndiyo, mpumbavu wewe. Usiniache tena na kile kicheko peke yangu. Niliogopa, Ansel. Niliogopa mpaka nikasahau hasira."

"Mimi pia. Mara ya pili nilipoketi..."

"Utanisimulia hospitali. Ingia, hata dakika mbili."

Akamvuta ndani, akaufunga mlango kwa mgongo, akambana hapo hapo kwenye koti lake lililoganda, na yeye akamwinamia, akitetemeka.

Tilda alitokea kwenye korido na blanketi tatu zikiburuta nyuma yake. Alimtazama Ansel kutoka kofiani kushuka chini, bila haraka.

"Mama," akasema, "viatu vyake vinalowesha zulia."