Jina la Mama Lukumani

Kila asubuhi, Zuena alipomaliza kufagia uwanja wao, alivuka uchochoro kumwamkia jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wameamkaje huko ndani?"

Bibi alikuwa amekwisha kaa barazani, miguu kainyosha, vidole vinasuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka au kawa la kufunikia chakula. Mtaa mzima ulimwita Mama Lukumani, kwa jina la mwanawe anayefanya biashara Nzega. Ndiyo mazoea yetu watu wa Tabora, na si sisi peke yetu. Mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe tunaliweka kando, na baadaye hata watoto wa jirani hawalijui.

Mwezi ule shule ya kina Zuena ilipata mgeni. Dokta Josepha alizaliwa Usinge, mkoani kwetu, mama yake akiwa mfinyanzi. Alisoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu, na maisha yake yote aliyatumia kuandika historia ya sanaa za wanawake. Sasa alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani.

"Nilipokuwa masomoni Ulaya," aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita, "niliingia makumbusho nikakuta chungu cha kwetu. Chini yake wameandika jina la bwana aliyekinunua. Aliyekifinyanga hakutajwa. Nikawauliza walimu wangu, wakasema vyungu na mikeka ni kazi za jikoni, si sanaa. Nilibishana nao miaka nenda miaka rudi, wengine wakinicheka waziwazi. Haya, misafara ya pembe za ndovu iliyopita hapa Tabora, wenye misafara mnasoma majina yao vitabuni. Mikeka waliyolalia ilisukwa na nani?"

Dokta akawaagiza kila mmoja alete kitu kilichotengenezwa na mwanamke wa nyumbani au jirani, kiwekwe kwenye maonyesho ya Jumamosi.

"Na mlete jina lake," alisema. "Sitaki mama fulani. Nataka jina lake mwenyewe, na mumwulize kwa midomo yenu."

Jioni ile Mama Lukumani alimpa Zuena kawa lake la wageni, lenye mistari myekundu na myeusi. Alianza kumweleza jinsi alivyolisuka kwa ajili ya harusi ya mwanawe, lakini uchochoroni wenzake walikuwa wanamwita Zuena wakacheze rede. "Ahsante bibi," akasema, akatoka mbio na kawa kichwani. Jina hakuuliza. Alilikumbuka kesho yake tu, pale zamu yake ilipofika mbele ya Dokta.

Angeweza kusema, "Nimesahau kuuliza." Lakini wenzake wote walikuwa wameshataja majina, naye aliona haya.

"Tunu binti Nasri," alisema, jina alilolibuni palepale.

Dokta akaliandika kwa mwandiko mzuri kwenye kibao cha kuwekwa mbele ya kawa. "Umemwuliza mwenyewe?"

"Ndiyo, Dokta."

"Vizuri sana. Basi mpelekee kadi hii ya mwaliko. Jumamosi nataka akae mbele, awaeleze watu kazi yake."

Hapo ndipo mambo yalipomharibikia Zuena. Bibi akija, si ataona kazi yake imepewa mtu mwingine? Kadi akaificha chini ya godoro. Asubuhi zilizofuata akawa anafagia harakaharaka na kuamkia kwa mbali, akijitia ana haraka ya shule.

"Kawa langu wamelionaje, mjukuu wangu?" bibi aliuliza, akikohoa.

"Wamelipenda, bibi," alijibu, na mguu niponye.

Bibi akatabasamu, akarudia ukili wake. Alikohoa wiki ile yote, na Zuena, masikini, alikuwa anaona afadhali asiulizwe mengi.

Ijumaa asubuhi kipaza sauti cha msikiti kilikwaruza, sauti ikatoka kutangaza kifo cha Mwamvita binti Idrisa. Zuena aliendelea kufagia. Hakumjua mtu wa jina hilo. Kisha sauti ikamalizia, "Ni mama yake Lukumani, wa hapahapa mtaani. Mazishi ni leo baada ya swala ya Ijumaa."

Ufagio ukamponyoka. Alimkimbilia mama yake, akamweleza yote huku akilia kwa kwikwi. Mama hakumpiga. Alimshika mkono mpaka shuleni, akamsimamisha mbele ya Dokta Josepha. "Sema mwenyewe," alimwambia.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti akaketi. Alikuwa amechoka ghafla.

"Kwa hiyo hakujua hata kwamba tunamsubiri," alisema.

"Hakujua, Dokta."

Akachukua kibao kipya, akampa Zuena kalamu aandike kwa mkono wake. Mwamvita binti Idrisa. Msukaji. Tabora.

Jumamosi, watu walipojaa ukumbini, Lukumani alifika na kanzu yake ya msibani, kaletwa na mama yake Zuena. Alisimama mbele ya kawa, akasoma polepole.

"Jina hili nililizoea kuliona kwenye kitambulisho chake tu," alisema.

Zuena akamwendea na ile kadi. "Shikamoo, baba. Hii ilikuwa ya bibi. Nilidanganya kuhusu jina lake, nikaogopa kumpa. Nisamehe."

Lukumani aliigeuzageuza kadi kwa muda. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Ila angekuja. Kwa jambo hili angekuja hata kwa kukongojea." Akaitia kadi mfukoni, akatoka nje kufuta macho.

Zuena alianza kulia tena. Dokta Josepha akamweka mkono begani.

"Jina tumelirudisha mahali pake," alimwambia, "na watu watalisoma. Umefanya vyema kusema kweli. Lakini furaha ya kuitwa mbele za watu kwa jina lake, hiyo mimi na wewe hatuwezi kumpa tena. Usipojua, sema hujui, haya itapita. Na ukishakosea, usingoje. Nenda ukamwambie mwenye haki yake angali anasikia."