Picha Isichapwe

Somoe alikuwa na kuku. Kuku huyo aliitwa Kidoti, kwa sababu alikuwa na madoa mwili mzima, utafikiri amenyeshewa mvua ya maziwa.

Kidoti alikuwa mwizi. Mwizi wa korosho.

Bibi akikaanga korosho uani, Kidoti anakuja. Tipu, tipu, tipu. Anadokoa moja. Huyooo, anakimbia.

Siku moja Somoe akachukua penseli. Akamchora Kidoti na korosho yake mdomoni. Akachora na madoa yote, mpaka penseli ikawa butu.

Picha ilikuwa nzuri kweli. Hata Kidoti mwenyewe aliitazama kwa jicho moja, halafu akaitazama kwa jicho la pili.

Bibi naye akaiona. "Eh, mjukuu wangu. Umemchora mwizi wangu?"

"Ndiye, Bibi."

Bibi akatazama mifuko yake ya korosho. Ilikuwa mifuko ya kaki, haina hata alama. Sokoni ikichanganyika na ya wenzake, haijulikani upi ni wa nani.

"Picha hii inafaa kukaa kwenye mifuko yangu," akasema Bibi. "Kesho tutampelekea mjomba wako Chitanda. Aichape."

Somoe akaikumbatia picha yake. Aichape?

Somoe alijua kuchapwa. Ukimmwagia mwenzako mchanga kichwani, unaweza kuchapwa. Ukichezea moto, unaweza kuchapwa. Lakini picha?

*Picha haina kosa.*
*Haijatukana mtu.*
*Haijamwaga uji.*

Jioni, Bibi alipokuwa jikoni, Somoe akaiviringisha picha. Akanyata mpaka kwenye tenga la Kidoti. Akaisukuma chini ya Kidoti, palepale anapotagia.

"Ilalie," akamnong'oneza. "Na usimwambie mtu."

Kidoti akasema, "Ko."

Asubuhi Bibi akafunga kanga yake vizuri. "Somoe, lete picha twende. Tuchape mwendo kabla jua halijawa kali."

Somoe akatoa macho. Kumbe hata mwendo unachapwa?

"Mwendo umekosa nini, Bibi?"

"Umesemaje?"

"Na picha imekosa nini?"

"Mtoto huyu leo kaamkaje?" akasema Bibi. Akaitafuta picha chini ya mkeka. Akaitafuta nyuma ya mlango. Akafunua hata sufuria. Picha hakuna.

"Hodi hapa," sauti nene ikaita nje.

Alikuwa Mjomba Chitanda mwenyewe. Bibi alimtumia habari jana, naye amechoka kusubiri. Mikono yake ilikuwa na wino mweusi mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Somoe. Lakini alisema huku amesimama mbele ya tenga, mikono ameitanua.

"Marahaba. Haya, iko wapi hiyo picha niichape?"

"Hachapwi mtu hapa," akasema Somoe.

*"Picha haina kosa.*
*Haijatukana mtu.*
*Haijamwaga uji."*

Mjomba akacheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na wino ukamchora masharubu.

Somoe hakucheka. "Usicheke, Mjomba. Nijibu."

Mjomba akaacha kucheka. "Kweli. Umeuliza, nami sijajibu. Basi twende kwangu ukaone mwenyewe. Ukikuta fimbo, chukua picha yako urudi nyumbani."

"Hata fimbo ndogo?"

"Hata ikiwa kama njiti ya kiberiti."

Hayo yalikuwa maneno ya kueleweka. Somoe akaingiza mkono chini ya Kidoti. Akaitoa picha. Ilikuwa na joto, na manyoya mawili.

Wakachapa mwendo, Somoe na Bibi na Mjomba. Somoe akatega sikio njia nzima. Mwendo haukulia.

Wakafika kwa Mjomba. Somoe akaanza kutafuta. Akachungulia nyuma ya mlango.

"Fimbo hii hapa."

"Huo ni ufagio," akasema Mjomba.

Akachungulia chini ya meza. "Na hii?"

"Huo ni mguu wa meza. Ukiuchukua, meza italala."

Fimbo hakuna. Ila katikati ya chumba palikuwa na kitu kikubwa, cheusi, cha chuma. Kilikuwa na mpini mrefu kama mkono wa jitu.

"Hii ni mashine ya chapa," akasema Mjomba. "Ya zamani. Siku hizi watu wana kompyuta. Wanabonyeza, karatasi inatoka. Wanasema wame-printi."

"Mwalimu wetu anaprinti," akasema Somoe.

"Basi kuprinti ndiko kuchapa. Ni kitu kimoja. Ila mashine yangu hii, ikichapa, unaisikia. Subiri."

Mjomba akachukua kibao laini. Akaitazama picha ya Somoe, akaichonga kwenye kibao. Kwaru, kwaru, kwaru. Akachonga mdomo. Akachonga korosho. Akachonga madoa.

Picha yenyewe ilikaa tu mezani, inatazama. Haikuguswa hata ncha.

Mjomba akakipaka kibao wino. Akaweka mfuko wa kaki. "Haya, shika mpini. Tuvute wote."

Somoe akashika mpini. Akafumba macho kwa nguvu.

*Kri... kri... PA.*

"Fungua macho," akasema Mjomba.

Somoe akafungua jicho moja. Halafu la pili.

Kidoti alikuwa kwenye mfuko. Mweusi, anang'aa, na korosho yake mdomoni.

"Mbona amegeukia upande ule?" akauliza Somoe. "Mimi nilimchora anatazama huku."

"Kibao na mfuko hutazamana," akasema Mjomba. "Vikitazamana, picha inageuka. Ndivyo chapa ilivyo."

Somoe akaweka sikio kwenye mfuko. Mfuko haukulia. Ulinuka wino tu.

"Kumbe kuchapa ni hivi."

"Ni hivi pia," akasema Bibi. "Neno moja, mjukuu wangu, na kazi zake nyingi. Nami nilipaswa kukueleza toka jana."

Somoe akashika mpini tena. Safari hii hakufumba macho.

*Kri... kri... PA.* Kidoti.

*Kri... kri... PA.* Kidoti mwingine.

*Kri... kri... PA.* Kidoti, ila huyu kichwa kilikatika, maana Somoe aliuweka mfuko upande. Mjomba akasema huyo ameinama anaokota korosho.

Jioni uani pakajaa mifuko yenye kuku. Kidoti akaja. Tipu, tipu, tipu. Akamwona Kidoti kwenye mfuko.

"Ko?" akasema Kidoti.

Kidoti wa kwenye mfuko hakujibu. Kidoti akamdonoa ile korosho mdomoni. Akapata karatasi. Akaondoka amenuna.

Picha ya Somoe ikabandikwa ukutani, juu ya kitanda chake, na yale manyoya yake mawili.

"Somoe," akaita Bibi, "kapige mswaki ulale."

Somoe akashika kiuno. "Niupige mswaki, Bibi?"

*"Mswaki hauna kosa.*
*Haujatukana mtu.*
*Haujamwaga uji."*

"Nenda, mtundu wewe," akasema Bibi huku anacheka.

Somoe akaupiga mswaki, polepole, usije ukaumia. Akapanda kitandani. Bibi akampiga busu shavuni.

*Pa.*

"Sasa chapa usingizi, mjukuu wangu."

Somoe akauchapa usingizi. Akauchapa, akauchapa, mpaka asubuhi.

Na usingizi haukulia hata kidogo.