Mlango Usio na Maua ya Unga

"Mama, wamegeuza!"

Kayal aliganda dirishani, sari yake ya hariri ikimbana kifua. Bajaji iliyowaleta Maran na mama yake, Bi Alamelu, kuja kumposa ilisimama mlangoni dakika moja tu, kisha ikatokomea na vumbi lake.

"Labda wamepotea," alisema mama yake, Poongodi.

"Maran apotee? Anayepita hapa kila jioni akijifanya anatafuta vocha?"

Simu ikalia kwa ujumbe: "Poleni kwa msiba. Mama anasema tusubiri mwaka uishe. Mbona hukuniambia?"

Kayal akapiga papo hapo.

"Maran, nani kafa?"

"Si ndiyo nikuulize wewe! Mlangoni kwenu hamna kolam. Mama kaweka mguu mmoja chini, kaona patupu, akarudi ndani mbio. Nyumba yenye msiba haiposwi!"

Kayal akakaa sakafuni. Tangu utoto wake, kila alfajiri alinyunyiza maji mlangoni, kisha akachora kwa unga wa mchele yale maua ya kolam. Mtaani kwao Chennai, nyumba iliyofiwa ndiyo pekee iliyoacha kuchora.

"Hakuna aliyekufa. Lori la maji halijafika siku ya tano leo, na unga haushiki kwenye vumbi kavu. Nilikuwa na ndoo moja tu. Selvi wa jirani kajifungua juzi, nikampa amwogeshe mtoto."

Upande wa pili palisikika purukushani, kisha sauti nzito ya Bi Alamelu.

"Binti, na kahawa yetu ungepika kwa maji gani?"

"Maji ya kahawa nilibakiza, Shangazi," alijibu Kayal, akimwita hivyo kwa heshima kama ilivyo desturi yao. "Vikombe vinne."

"Kwa hiyo siku ya posa yako ukamtazama mtoto wa watu, mlango wako ukauacha?"

Miaka mitatu ya kumpenda Maran ilikuwa ikining'inia kwenye jibu moja.

"Ndiyo, Shangazi. Kama utaniacha kwa hilo, niache. Siwezi kusema najuta."

Simu ikakatika.

"Ungebakiza japo kikombe kimoja cha kunyunyiza mlangoni!" Poongodi alilia. "Kikombe kimoja tu, mwanangu!"

Saa nzima ilipita. Bajaji ilipojitokeza tena, ilikuja imeinama upande. Maran alikuwa amebanwa katikati ya mitungi minne ya plastiki, shati limelowa chapachapa.

"Mama, shati la posa hili!"

"Litakauka! Maji haya nimeyagombania na wanawake sita."

Bi Alamelu alishuka. Kayal akainama kumgusa miguu kwa heshima, lakini mama yule akamshika mabega.

"Niliolewa kwenye nyumba yenye kisima, binti, nikasahau shida za wengine. Nisamehe. Na mtungi wa kwanza mpelekeeni mzazi. Kahawa itasubiri."

"Shangazi, nashukuru sana..."

"Mimi ndiye wa kushukuru."

Maran alijitwika mtungi begani. Wakavuka uchochoro pamoja.

"Sasa, umekubali?"

"Nimekubali nini? Hujaniuliza."

"Nakuuliza."

"Hapa, mlangoni kwa Selvi?"

"Hapahapa. Bega linaniuma, jibu haraka."

Ndani kichanga alilia. Kayal alifuta macho kwa upindo wa sari, akicheka.

"Ndiyo, Maran. Na asante kwa kurudi."