Pumzi za Mpwa

Kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito walikaa wanawake thelathini na mmoja na mwanaume mmoja, na aliyekuwa akihema kuliko wote ni huyo mwanaume. Alivaa ovaroli ya bluu yenye doa la grisi kifuani, amekumbatia mkoba mwekundu wa kike kama mtu aliyekabidhiwa trei ya mayai.

Mpiga ultrasound alichungulia mlangoni kuita anayefuata, akamwona, akauma midomo asicheke. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, koti jeupe limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama lenyewe, na chini raba za waridi ambazo matroni alishazisema mpaka akachoka.

"Baba mtoto, mlete mama."

"Mimi mjomba!" Jamaa aliruka kama kaguswa na umeme. "Baba mtoto anaendesha greda, wanachonga barabara huko mbali. Mimi nimemsindikiza dada yangu tu."

Dada mtu akainuka taratibu, tumbo la miezi saba likitangulia. "Msamehe, dokta. Fundi friji huyu. Mtaani wanamwita Barafu, ila mwone anavyoyeyuka."

Benchi zima likacheka. Barafu naye akacheka, na meno yake yalikuwa meupe mno kwa mtu mwenye grisi kiasi kile. Mpiga ultrasound akajikuta anarekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo.

Kabla hawajatoka, Barafu alitega sikio kwenye kiyoyozi cha chumba. "Hiki kinaumwa. Sikiliza kinavyokoroma."

"Mbona mimi sisikii?"

"Ndiyo maana mimi fundi na wewe si fundi."

Kiyoyozi chenyewe hakikuwa na ugonjwa wowote, lakini kilitibiwa mara nne katika wiki tatu. Mara ya nne fundi aliondoka na namba ya simu.

Basi zikaanza simu. Asubuhi: "Umeamkaje, Malkia wa Gizani?" maana chumba chake taa zilizimwa ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Mchana: "Umekula? Usinidanganye, nasikia sauti ya njaa." Wakatembea, wakakaa kwenye viti vya plastiki vya mgahawa karibu na stendi. Binti akajaribu kumweleza kazi yake na Barafu akajaribu kueleza kompresa ya friji, na kila mmoja akakubali kwa kichwa bila kuelewa kitu. Raha tupu.

Raha hiyo ilikutana na Jumatatu.

Dada mtu alirudi kwa kipimo cha mwisho. Kovu la upasuaji wake wa kwanza lilikuwa linauma, na daktari wa wodi ya wazazi alikwishapanga: Alhamisi anapasuliwa tena. Kadi ilisema wiki thelathini na saba. Mumewe alikuwa amepata likizo ya siku kumi na alitakiwa kurudi kwenye greda lake Jumapili. Yaani kila kitu kilikaa kwenye mstari.

Isipokuwa mtoto.

Binti alipaka jeli, akapitisha kifaa tumboni, akatulia. Akapitisha tena. Mapafu ya mtoto aliyekaribia kuzaliwa huonekana meupe kuliko ini. Haya yalikuwa na rangi ileile ya ini, kama yamekatwa kitambaa kimoja. Akashuka hadi kwenye goti la mtoto. Juu ya mfupa wa ugoko alitafuta kile kijidoa cheupe ambacho huchomoza wiki za mwisho. Hakukiona. Akamgeuza mama upande wa kushoto, akatafuta tena. Wapi.

"Mbona umenyamaza, wifi?" dada mtu aliuliza. Alishamwita wifi tangu kiyoyozi kipone mara ya pili.

"Natafuta, dada. Huyu wako kajificha." Alisema kwa sauti tulivu, akakirudisha kifaa pale pale penye goti.

Aliandika ripoti: mapafu yanaonekana hayajakomaa, umri wa mimba uhakikiwe. Daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Binti, picha inakisia. Hata wewe unajua."

"Najua, dokta. Haithibitishi mapafu. Lakini na tarehe ya kadi nani ameithibitisha? Picha ya kwanza alipigwa ana miezi saba, wakati ambao wiki mbili tatu zinaweza kupotea."

"Mama ana kovu linalouma. Likichanika ndani, tunawapoteza wawili. Niletee kitu zaidi ya rangi ya pafu."

Hakuwa na kitu zaidi. Alikwenda kukaa chooni dakika tano, akaosha uso, akarudi kazini.

Jioni Barafu alipiga. "Malkia, dada kaniambia umeandika mapafu bado. Sasa shemeji anaondoka Jumapili, na uzazi wa kwanza hakuwepo, akaja kuoneshwa mtoto anatembea. Si uandike tu yamekomaa, mpenzi? Maneno mawili."

"Unasemaje?"

"Nasema hivi, mtoto mwenyewe mnene..."

"Barafu, sikiliza. Mtoto akitolewa mapafu yakiwa mabichi, anavuta hewa na mapafu hayafunguki. Anavuta, mbavu zinaingia ndani, anachoka. Anachoka hivyo hivyo mpaka basi. Nimewaona. Na wewe unataka niandike maneno mawili?"

Akasikia pumzi tu, nzito. Halafu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia: "Ile tarehe ya kwenye kadi..." Kisha simu ikakatika.

Alipiga tena, haikupokelewa. Mara ya tatu ikazimwa kabisa.

Kumbe ndiyo hivyo, alijiambia akivua raba zake. Viyoyozi, umekula, malkia. Yote yalikuwa mafuta ya kulainishia ripoti. Amekosa alichotaka, amekata. Jumanne Barafu alipompigia mara sita, safari hii yeye ndiye aliyeiacha simu ilie mfukoni mwa koti, ikimtetemesha ubavu. Jumatano ilikuja meseji: *Nipokelee, ni kuhusu dada.* Akaifuta. Alishakataa maneno mawili, hakuwa na hamu ya kusikia matatu.

Mashavu yalimshuka. Kila akifumba macho aliona pafu na ini, rangi moja.

Alhamisi saa mbili asubuhi alisikia kelele kwenye korido ya wodi, akatoka. Dada mtu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, tayari kavalishwa gauni la kijani la upasuaji, mumewe pembeni kashika mkoba mwekundu. Mbele ya kitanda, mikono imetanuliwa kama kipa, alisimama Barafu.

"Haendi!" alisema. "Dokta, tarehe niliandika mimi!"

Daktari alivua miwani. "Uliandika nini?"

"Siku ile ya kuandikisha, dada alikuwa nje anatapika. Nesi akanipa fomu, imeandikwa: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho." Wauguzi wawili walishaanza kutazamana. "Sasa mimi nitamuulizaje dada yangu mkubwa kitu kama hicho? Nikapiga hesabu kichwani, shemeji alikuja likizo lini, dada alianza kununa lini, nikaandika. Nilijua ni fomu tu."

"Na hukusema miezi yote?"

"Sikujua ndiyo mnayoifuata! Jumatatu nilipoambiwa mtoto anavyochoka, ndipo nikashtuka. Nikamuuliza dada."

"Kaniuliza kwa meseji," dada mtu alidakia kitandani, "na yeye yuko chumba cha pili. Nikadhani kachanganyikiwa, nikamjibu aniache nilale. Asubuhi hii ndiyo kanionesha kwa nini. Nina daftari langu, dokta. Tarehe ya kweli hii hapa. Amenizidishia siku kumi na nane."

Daktari alilichukua daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Wiki thelathini na nne na siku sita. Akainua macho, akamtafuta binti wa koti jeupe.

"Rangi ya pafu," alisema.

"Ndiyo, dokta."

"Mrudisheni wodini. Sindano ya kukomaza mapafu leo, ya pili kesho. Alazwe hapa hapa, kovu liangaliwe saa zote."

Kitanda kiligeuzwa. Barafu alibaki katikati ya korido, mikono bado imetanuka, kama aliyesahau namna ya kuishusha.

"Simu ulikata," binti alisema.

"Nilitaka kukwambia, nikaona aibu. Na chaji ikaisha, nikaogopa kukupigia usiku ule. Halafu ukawa hupokei." Akaangalia raba za waridi. "Ukinifukuza una haki. Lakini nifukuze mtoto akishatoka."

"Shusha mikono, unazuia njia," alimwambia. Hakumfukuza.

Shemeji aliondoka Jumapili, macho mekundu, akirudi nyuma mara mbili kuaga. Binti alipima Jumatatu, na tena Alhamisi iliyofuata. Mapafu yalikuwa yameanza kung'aa, kidogo, labda. Alikataa kuyaamini macho yake mwenyewe akamwita mwenzake atazame. Jumamosi asubuhi uchungu ulianza, kovu likapiga kelele, na daktari hakusubiri tena.

Nje ya mlango wa chumba cha upasuaji walisimama wawili. Barafu alikuwa na simu sikioni.

"Bado, shemeji... Bado... Nimesema bado, usinihemee!"

Binti alikuwa ameukunja ukingo wa koti mpaka pasi yote ikaharibika. Dakika zikapita. Wameshamtoa sasa, alijua. Kwa nini kimya?

Ndipo kilio kikaja, chembamba, kikakatika, kikaja tena kwa hasira. Barafu aliibandika simu mlangoni. Ndani ya simu, huko barabarani, mwanaume mzima alikuwa analia pamoja na mwanawe.

Baada ya saa moja waliruhusiwa kusogea kwenye kitanda cha joto. Msichana, kilo mbili na nusu, uso umekunjamana kama kadaiwa. Binti aliinama, akaangalia saa yake, macho kwenye kile kitumbo kinachopanda na kushuka.

"Mpenzi," Barafu alinong'ona, "mpwa wangu ana mama, ana baba, ana mjomba. Anakosa mkaza mjomba. Nimefikiri, kama wewe..."

"Nyamaza, nahesabu."

Alinyamaza. Dakika nzima hakuvuta hewa, maskini, kama anamwachia mtoto ya kwake.

"Pumzi arobaini na nane," binti alisema, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu. "Anapumua vizuri. Na wewe pumua. Nimekubali."