Gari Lisilouzwa

"Kitendawili," sauti ilisema sikioni.

"Tega," Serafina Bujiku alijibu huku midomo yake ikicheza kidogo tu.

"Ng'ombe wangu hali majani, hanywi maji, lakini leo ana mimba."

"Gari."

"Haya, gari. Sasa hiyo mimba iko wapi?"

Serafina alilitazama geti la gereji mbele yake.

Sauti ilikuwa ya Mama Nelly, mkuu wake wa kazi, aliyejificha mtaa wa pili ndani ya Toyota Noah yenye vioo vyeusi. Kifaa cha kusikilizia kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na Serafina alikificha sikioni chini ya kilemba cha kitenge. Kwa umbo alikuwa mama mtu mzima, mnene kiasi, na mkononi alivaa pete nzito. Ungemwona sokoni ungemuuliza bei ya mchele. Usingedhani ni ofisa wa idara ambayo jina lake haliandikwi kwenye kibao cha mlangoni.

"Nisikilize vizuri," Mama Nelly alisema. "Lile lori la mwezi uliopita tulilifungua mpaka nati ya mwisho. Hatukupata kitu. Kesho yake mtu wetu akaopolewa kwenye shimo la wachimbaji lililoachwa."

"Nakumbuka."

"Leo mtu wetu humo ndani ni Enock. Nikivamia nikakosa dhahabu, watajua kuna mtu anawachoma. Ni yeye tutakayemwopoa. Kwa hiyo siingii mpaka uione kwa macho yako."

"Nikiiona?"

"Sema umempenda ng'ombe."

Serafina alikaza kilemba.

Akasukuma geti.

Gereji ile ya Ngokolo ilikuwa na ukuta mrefu na bati lililopiga kelele kila upepo ulipovuma. Vumbi lilizunguka uani. Katikati, juu ya mawe manne, palitandikwa turubai, na mbele ya turubai lilisimama gari.

Nissan Fairlady. Milango miwili. Rangi ya damu ya mzee.

Gari la mbio, Shinyanga, mahali ambapo watu hununua pikipiki na matrekta. Kwenye kioo cha mbele palibandikwa karatasi: LINAUZWA. Bei iliyoandikwa chini yake ungejengea nyumba Mwanza ukabakiwa na ya kununua makochi.

Ujanja wenyewe ulikuwa hapo. Gari lilikuwa la kuuzwa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini limesimama. Bei ilikuwa ya wazimu, kwa hiyo hakuna aliyelinunua. Enock, aliyejipenyeza kama fundi wa kupiga rangi, alituma ujumbe mmoja tu: limeletwa kutoka machimbo ya Runzewe, mzigo umo ndani, sijui wapi, linaondoka leo.

"Pochi iache hapa, mama," alisema mwanamume aliyekaa kivulini. "Humu mna wezi."

Hakumwamkia. Huyo alikuwa George, aliyekuja na fedha za watu wa nje ya nchi. Miwani ya Ray-Ban, viatu visivyo na vumbi. Magazeti yalikuwa yamelala mapajani mwake, na chini ya magazeti kulikuwa na kitu kilichoyainua.

Serafina aliweka pochi mezani. Bastola yake, Beretta, ilikuwa humo chini ya kitambaa cha ndani.

Akabaki na simu, ufunguo na dawa ya macho.

"Shikamoo, mayu," mwanamume mwingine akaamkia kutoka nyuma ya gari, akimwita mama kwa Kisukuma. Mikono yake ilikuwa mipana, imepasuka. "Mimi ndiye Mageni. Gari ni langu."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Geita. Nina maduka yangu. Nimechoka kupandishwa magari ya wanaume, nataka langu."

Mageni alimtazama George. George aligeuza ukurasa.

"Umeiona bei?"

"Nimeiona. Haijaniua."

Mageni akajikuna shingo. "Mayu, nikwambie ukweli. Hili gari ni bovu."

"Bovu wapi?"

"Linakula mafuta kama harusi. Na oili pia. Lilishagongwa."

"Ubavu gani?"

"Pande zote."

Serafina alicheka kama mama wa dukani. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na muuzaji anayetukana mali yake hivyo.

"Basi ngoja nimwangalie mgonjwa," akasema. "Marehemu mume wangu aliuza magari. Fungua boneti."

Akaanza kazi. Mita ilionyesha gari limetembea kidogo, lakini raba za pedeli zilikuwa zimelika mpaka chuma. Mita ilikuwa inasema uongo. Boliti za mlango wa kushoto zilikuwa na makovu ya spana, na rangi ya mlango ule iling'aa kuliko ya mwenzake. Akachomoa kijiti cha oili, akapaka tone kidoleni. Jeusi, zito. Akatoa ufunguo wenye sumaku ya duara, ile wanayotumia wanunuzi wa magari kutafuta puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, chini ya rangi. Akaipitisha kwenye madigadi ya mbele, boneti, mlango, paa.

Ta. Ta. Ta. Sumaku ilinata kila mahali.

Hakuna kitu.

"Fundi," akaita. "Hii rangi ni ya kwako?"

Enock alikuja na msasa mkononi. Kijana mwembamba, ovaroli imejaa madoa. Hakumtazama usoni.

"Niliifuta tu, mama. Imepigwa Runzewe."

"Nikilinunua, utanipigia upya jioni?"

"Jioni sipo. Bosi George anataka nimsindikize safari." Alikunja msasa mara mbili. "Ameamua leo hii."

Kivulini, George aliinua macho.

"Fundi wetu sura yake naikumbuka mahali," alisema taratibu. "Njiani tutakumbushana."

Bati likapiga kelele. Serafina akaelewa. Kwa hiyo Enock asingefika mwisho wa safari. Hata gari likikamatwa barabarani, kiti cha pili kingekuwa kitupu.

"Umeipata?" Mama Nelly aliuliza sikioni.

Serafina alikohoa mara moja. Maana yake: bado.

"Fanya haraka. Wamejaza mafuta. Vijana wangu wameona madumu."

Alizunguka kwenda nyuma. Hapo ndipo alipoona kitu.

Mageni alikuwa amefungua buti na kuketi mlangoni mwake.

Mbele kulikuwa na stuli. Kulikuwa na benchi. Kulikuwa na kivuli. Yeye aliketi juani, kwenye ukingo wa bati linalochoma, mgongo ameuegemeza kwenye chuma kinene kinachokatiza buti kutoka ubavu hadi ubavu. Serafina alikumbuka sasa kuwa hata alipoingia getini, Mageni alikuwa amekaa papo hapo. Aliondoka kufungua boneti tu, akarudi mbio kama mama aliyeacha maziwa jikoni.

Akamkumbuka kaka yake, aliyechimba Geita ujana wake wote. Wachimbaji wakishagawana mawe, kila mmoja hukalia kiroba chake. Analetewa ugali palepale. Akiitwa na mkewe haendi. Kiroba hakiachwi.

Serafina akasogea karibu na buti.

Akaweka viganja juu ya mkia wa gari, akakandamiza, akaachia. Gari zima lingepaswa kuinama na kuinuka. Halikutikisika.

"Springi ngumu," Mageni akasema upesi. "Njia za machimboni zina makorongo."

"Mbele ni laini."

"Mbele hakuna abiria."

"Na nyuma kuna abiria gani, mwanangu? Gari lina viti viwili."

Mageni aliinamisha uso. Kope zake zilicheza.

"Nipishe nikae," Serafina alisema. "Miguu inaniwaka. Au wewe mama yako unamwacha asimame?"

Angekuwa George angekataa. Mageni alilelewa. Alisogea, shingo upande, akamwachia nafasi ndogo.

Serafina akaketi. Mkono ulioshika ufunguo akaupeleka nyuma ya mgongo, polepole, mpaka sumaku ikagusa chuma.

Akaiachia.

Ikaanguka.

Ilitoa mlio mdogo sana, lakini masikioni mwake ulikuwa kama sufuria iliyodondoka kanisani.

"Nini hicho?" George akauliza kutoka kivulini.

"Ufunguo. Vidole vya uzee."

Si chuma. Labda ni puti tu, alijiambia. Labda ni aluminiamu. Akikosea, Enock amekufa. Alihitaji kuona.

Upepo ukarusha vumbi. Serafina akafumba macho, akalalamika, akatoa dawa ya macho. Kichupa kilikuwa cha dawa. Kilichokuwa ndani ni zebaki, ile ile wachimbaji wanayooshea mchanga wa dhahabu kule mialoni.

Aligeuka kama anayekwepa upepo. Pete ikakwaruza rangi nyeusi ya kile chuma. Tone likadondoka. Akalisugua kwa ncha ya kitenge.

Chini ya rangi palikuwa na njano. Njano ikameza zebaki, ikageuka nyeupe kama jino la mtoto.

Akainua uso.

Mageni alikuwa anaitazama ile alama.

Mchimbaji hahitaji kuelezwa. Alijua dhahabu inavyofanya ikikutana na zebaki, na alijua hakuna mama wa dukani anayetembea na zebaki kwenye dawa ya macho. Macho yao yakakutana. Hakuna aliyepumua.

Neno moja tu kwa George, na yote yamekwisha.

Serafina aliinua simu.

"Baba Wema," alisema, akimtaja mtu asiyekuwepo. "Nimempenda huyu ng'ombe."

"Tunakuja," Mama Nelly akajibu sikioni.

Mageni alifungua kinywa. Lakini mikono yake haikusubiri kinywa. Miaka yote ya kukalia viroba ilimsukuma kule kule alikozoea. Alijitupa ndani ya buti, akakikumbatia kile chuma kwa mikono na kifua, kama mtu anayezuia kiroba kisichukuliwe.

Serafina akainuka, akamzoa miguu akaisukumia ndani, akashusha mlango wa buti kwa uzito wake wote.

Ukajifunga.

"George," Mageni alilia kutoka ndani. "Wanaichukua. Wanaichukua."

Magazeti yakaruka. Bastola ya George ikatokea, nyeusi, ikamtafuta Serafina kifuani. Serafina alikuwa mbali mno kumfikia, na pochi ilikuwa mbali zaidi. Alichoweza ni kusimama.

"Nilijua," George alisema. "Lakini nilidhani ni fundi peke yake."

Pffff.

Wingu la rangi nyekundu likamfunika uso. Enock alikuwa ameshika bomba la kupulizia rangi kwa mikono miwili, kompresa ikinguruma nyuma yake, naye hakuliachia. Miwani ikawa nyekundu tupu. Risasi ikatoboa bati la paa. Serafina tayari alikuwa mezani. Akazungusha pochi, Beretta na vyote vilivyomo, ikatua juu ya sikio la George.

George akakaa chini. Kisha akalala.

Geti likaanguka. Vijana wa Mama Nelly waliingia mbio wakiwa na SMG mikononi, lakini kazi iliyobaki ilikuwa ya pingu tu. Walipofungua buti, Mageni alikuwa bado amekikumbatia chuma. Walilazimika kumng'oa kidole kimoja kimoja.

"Mayu," alimwambia Serafina alipopitishwa, bila hasira. "Gari nilikwambia ni bovu."

"Ulisema kweli. Nilikusikia."

Enock alikuwa amekaa kwenye mawe, bomba bado mkononi. Rangi ilimchirizika kwenye kidole.

"Shikamoo, mama," akasema mwishowe. Hakuwa amemwamkia tangu alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Zima kompresa. Umemaliza rangi ya watu."

Akachukua pochi yake, akafunga kilemba vizuri, akatoka getini.

"Serafina," Mama Nelly alisema sikioni, na sasa sauti yake ilikuwa na kicheko. "Bila kile chuma, gari lenyewe ungelinunua?"

"Pedeli zimelika, mita inadanganya, mlango wa kushoto ni wa kubandika. Nisingetoa hata mbuzi."

"Na dhahabu uliijuaje iko pale?"

"Kitendawili."

"Tega."

"Anaitukana mali yake mchana kutwa, lakini hataki kuondoka juu yake."

Jirani mmoja alichungulia dirishani. Serafina alimpungia mkono kama anayetoka kusuka nywele.

"Nimeshindwa," Mama Nelly alisema. "Nakupa mji. Chukua Mwanza."

"Mwanza ina magari mengi. Nipe mji wa baiskeli."

Akabana pochi kwapani, akaifuata barabara ya vumbi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua nyanya.