Naomba Uangalie Sekunde

"Ubao au mimi, Justa. Chagua."

Erasmo aliyatamka hayo mezani, mbele ya dada wa Justa, wali na mchuzi wa pweza ukiwa bado wa moto. Posa ilikuwa imeshakubaliwa na wazee wa pande zote mbili. Justa akaweka kijiko chini.

"Sichagui kati ya mtu na ubao. Wewe unaogopa kwa sababu hujui kuisoma bahari. Jifunze kwanza, halafu ukinikataza nitakusikiliza."

Erasmo akaondoka bila kunawa mikono.

Alikuwa fundi seremala pale Kilwa Masoko, mzaliwa wa Kitomanga, na hofu yake ilikuwa na chanzo. Kaka yake alichukuliwa na maji upande wa Lindi, na mwili haukuonekana. Justa alilijua hilo. Lakini yeye, mpishi wa nyumba ya wageni, alikuwa amejifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao alioachiwa na mgeni mmoja, na kila siku ya mapumziko alikwenda Masoko Pwani. Hakwenda kwa kubahatisha. Kwenye simu alisoma kimo cha wimbi, upepo unakotoka, saa ya maji kujaa na kupwa, na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Aliwahi kumwonyesha Erasmo, naye akageuza uso.

Siku zikapita bila salamu. Dada wa Justa alimsihi apige simu. Justa akajibu kwamba aliyeondoka ndiye anayejua njia ya kurudi. Usiku, hata hivyo, alilala na simu kifuani.

Jumamosi akashindwa kukaa ndani, akachukua ubao wake. Upepo ulikuwa mwepesi, ukitoka nchi kavu, na utabiri alioutazama jana yake ulisema wimbi la mita moja. Alikuwa ameinama mchangani akifunga kamba ya ubao mguuni, simu ikaita. Erasmo. Akaiacha. Ikaita tena, akaiacha tena. Alidhani anajua atakachoambiwa. Alipokuwa akiitia kwenye mkoba, ujumbe ukaingia:

"Justa, sikukatazi. Naomba uangalie sekunde tu. Jana zilikuwa nane, leo kumi na sita, na maji yanakupwa kwenye mwamba. Kama nimekosea, ingia."

Akausoma mara mbili, kisha akafungua utabiri. Ilikuwa kweli. Kimo kilikuwa kilekile, ila sekunde zilikuwa zimeongezeka maradufu. Mawimbi ya namna hiyo hutoka kwenye dhoruba ya mbali, na uzito wake huuoni mpaka yakutane na maji mafupi. Haya yote Justa aliyajua. Asubuhi ile hakuangalia, kwa kuwa kichwa kilijaa hasira.

Akaketi. Bahari ilikuwa shwari, karibu atie shaka. Kisha mstari ukainuka kwa mbali, na mwingine nyuma yake, na mwingine. Mistari hiyo ya mawimbi ikapanda kwenye mwamba, palepale alipozoea kusubiri, ikavunjika kwa kishindo, na maji yaliporudi nyuma mawe yakabaki wazi. Justa akaifungua kamba ya ubao mguuni.

Bodaboda ikaingia kwa kasi, na Erasmo akaruka kabla haijasimama, vumbi la mbao likiwa nyweleni. Alipomwona amekaa mkavu, akachuchumaa mbele yake.

"Umejifunza lini?" Justa akamuuliza.

"Tangu jioni ile. Kila asubuhi nasoma kabla sijashika randa. Nilitaka nikija kukuomba radhi niwe najua ninachosema."

"Ungenipigia tu, Erasmo."

"Nilikosea kukuwekea sharti. Bahari ilimchukua kaka yangu, nikadhani nikikushika kwa nguvu haitakupata."

Justa akamfuta vumbi kwenye nyusi.

"Leo ingenipata hata mimi ninayeijua. Nilikuja nimekukasirikia, nikaiacha akili nyumbani. Ukiona nimesahau kuangalia, niambie hivihivi ulivyoniambia leo."

Erasmo akasema kwamba Jumatano bahari itatulia, na kwamba yeye atafunga karakana amsindikize.

Jumatano ikafika. Justa akateleza na wimbi refu, laini, hadi karibu na ufuko. Alipotazama mbele, Erasmo hakuwa tena mchangani. Alikuwa amekunja suruali, amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, na mkono ameunyoosha kumpokea.