Kitabu Kwenye Sahani ya Posa

"Nani amemhamishia huyu mama kulia?" Bibi Ponnammal aliuliza kwa sauti, kitabu kikiwa mapajani, miwani imemteremka puani. "Hebu njooni muone vituko. Mungu nusu mume nusu mke, na nusu ya mke imekaa kulia! Tangu lini?"

Watu wakageuka. Ukumbi wa nyumba ya Arumugam, mchonga mawe wa Kumbakonam, ulikuwa umefurika, maana Ijumaa hiyo ilikuwa posa ya binti yake, Kothai. Upande wa bwana harusi, waliosafiri usiku kucha kutoka Chennai, walikuwa wameketi mkekani kwa maringo, sahani kumi na moja mbele yao: tambuu na popoo, nazi, ndizi, manjano, asumini, sari ya hariri. Sahani zao zikivuka kuja huku, na za huku zikivuka kwenda kule, basi, mambo yamekwisha, binti ni wao. Na zilitakiwa kuvuka upesi, kwa sababu saa nne na nusu ilikuwa inaingia saa ya mkosi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeposa saa hiyo.

Sahani ya kumi na moja ndiyo ilikuwa na kitabu. Kinene, jalada linang'aa, picha tupu za hekalu la kale la Vennarkudi. Mama Sulochana, mama wa bwana harusi, alikiweka pale mwenyewe kimyakimya ili awakoge wakwe, na Bibi yake Kothai alishakinyakua akitazame.

"Ni cha mwanangu hicho," alisema, shingo imemrefuka. "Kimetoka juzi tu. Hata yeye hakujua kama nimekileta. Ninyi mnachonga mawe, mwanangu anayaingiza vitabuni. Si mmeona tofauti?"

Mwanawe, Dilipan, alipokiona kitabu mapajani mwa Bibi, rangi ilimtoka. Wala haikuwa haya ya bwana harusi, jamani. Ilikuwa sura ya mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

"Na huyu mungu Shiva anayecheza," Bibi akaendelea, anafunua ukurasa kwa kidole alichokilowesha ulimi, "kainua mguu wa kulia. Mimi hekalu lile nimelifagia miaka arobaini. Mguu ni wa kushoto! Mwanao alipiga picha kichwa chini, miguu juu?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Bibi, hayo ni macho ya uzee," Mama Sulochana alisema, anacheka kwa meno tu.

"Macho yangu ni mabovu, nakubali. Ila kushoto nakujua."

Kothai alinyoosha mkono. "Nipe nikione, Bibi."

Akafungua. Ukurasa wa kumi na nne, kwapani mwa sanamu, kulikuwa na kiota cha nyigu. Siku ile nyigu hao walimuuma shavuni akiwa juu ya ngazi ya mianzi, akamaliza kupiga picha kwa jicho moja, jingine limevimba likafumba. Picha hiyo ilikuwa yake. Ya kumi na tano, yake. Ya thelathini, yake. Zote zimegeuzwa tu, kushoto kuwa kulia.

Miaka mitatu Kothai alikuwa akipanda ngazi ile kila Jumamosi alfajiri, wakati jua linapita ubavuni mwa ukuta na kila nukta ya patasi inaonekana. Dilipan alikutana naye hapohapo. Alikuwa amekuja na kamera za bei mbaya, na kila siku alikuwa akiamka wakati wa chai. Mwanga mzuri ulishaondoka, yeye ndio kwanza anapiga mwayo. Lakini maneno yake yalikuwa matamu, na Kothai akampenda, akampenda kwelikweli.

Halafu wakaja mafundi wa ukarabati, wakaupiga ukuta mchanga kwa mashine eti kuusafisha. Nyuso za miungu zilizokaa miaka elfu zikalainika zikawa kama vipande vya sabuni. Kilichobaki duniani ni picha za Kothai, ndani ya diski moja. Diski hiyo ilipogoma kufunguka, Dilipan aliipeleka kwa fundi Chennai, kisha akapiga simu: "Imekufa, mpenzi wangu. Hakuna kilichopona. Pole." Kothai alilia siku tatu hakuonja wali.

Sasa simu ilitetemeka mapajani mwake. Akatazama. Dilipan alikuwa mkekani ng'ambo ya pili, kidole kwenye kioo, macho yanamwomba.

"Usifungue mdomo. Nitakueleza tukiwa wawili."

Ikatetemeka tena.

"Nilizigeuza ili zisifanane na zile chache ulizoweka mtandaoni. Mbinu ya kazi tu hiyo. Tukishaoana vyako si vyangu? Usiniaibishe mbele ya mama."

Mwanaume mzima, msomi wa Chennai, anakiri wizi kwa maandishi halafu anabonyeza kutuma. Kuna watu hata kuiba hawajui.

"Jamani, mnaangaliana nini?" Mama Sulochana aliitazama saa ya ukutani. "Zimebaki dakika ishirini. Tuvushe sahani."

"Subiri kidogo, mama," Kothai alisema. "Mwanao ameniletea ujumbe. Ngoja niwasomee."

"Kothai!" Dilipan aliruka.

Akasoma zote mbili, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

"Ni utani wa wachumba huo," Dilipan alisema, jasho linamtiririka. "Wazee wangu, msichukulie..."

"Picha ulipiga wewe?" Arumugam aliuliza.

"Baba, tulikuwa tunakwenda wote pale."

"Sikukuuliza nani alikwenda. Ulipiga wewe?"

"Sasa baba, sikiliza. Nani angenunua kitabu chenye jina la binti wa mchonga mawe? Mimi najulikana. Mimi nimezipa hadhi zile picha!"

"Hadhi!" Bibi Ponnammal alisonya msonyo mrefu. "Huyu hata mungu wake hajui kasimama na mguu gani, anagawa hadhi."

Kothai hakucheka. "Dilipan, diski iko wapi?"

"Si ilikufa? Fundi aliitupa."

"Diski gani?" Mama Sulochana akadakia, masikini, bado anataka kuokoa saa njema. "Ile ya rangi ya chungwa yenye uzi mwekundu? Si iko kwenye begi lako la kamera, mwanangu? Hutoki nyumbani bila hiyo."

Dilipan alimwangalia mama yake kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumwangalia mzazi. Mama akaelewa, na mkono ukampanda mdomoni.

Begi lilikuwa palepale nyuma ya Dilipan. Mjomba wa Kothai, Kathirvel, ndiye aliyetakiwa kubeba sahani ya kwanza siku hiyo. Aliinama, akafungua zipu, akaitoa diski ya chungwa, akamkabidhi mpwa wake kwa mikono miwili.

Kothai aliifunga kiganjani. Ndipo machozi yalipomjia.

"Ulikuja hapa nyumbani," alisema. "Ulikaa kwenye kiti kile. Ukanifuta machozi kwa leso yako mwenyewe, ukaniambia tutaanza upya, na begi hilo ulikuwa umelivaa mgongoni. Nilimwambia Bibi, kama nisingekuwa na wewe ningekufa."

"Nilikusudia kukwambia..."

"Lini? Ukishanifunga uzi wa ndoa shingoni?"

"Nitaandika jina lako! Toleo la pili, ukurasa wa shukrani. Hata picha yako ndogo nitaweka."

Shangazi mmoja upande wa bwana harusi aliziba uso kwa pindo la sari. Hata wao walishamchoka.

"Kothai, mwanangu," Mama Sulochana alisogea kwa magoti, maringo yote yamemwisha. "Wanaume hukosea. Diski si umepata? Una miaka ishirini na tisa. Posa ikivunjika ukumbini, nani atakuja tena kukuposa? Dakika tano zimebaki. Nakuomba."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu pale alilijua. Mtaa mzima ungesema. Arumugam alimgeukia binti yake.

"Sema wewe. Zivuke, zisivuke?"

Kothai alimwangalia Dilipan vizuri, kwa mara ya kwanza bila kupenda. Akaona kidevu kinachotetemeka, na macho yaliyong'ang'ania kitabu, si yeye. Akajiuliza alikuwa anapenda nini hapo.

"Zisivuke, baba."

Arumugam aliinuka. "Sahani zenu hazikuvuka. Zirudisheni, kitabu kibaki. Ila chakula kimepikwa cha watu sitini, na kwangu mgeni haondoki na njaa. Kaeni mle."

Wakala, kwa aibu, macho kwenye majani ya mgomba waliyopakuliwa chakula. Bwana harusi peke yake alikimbilia garini akajifungia. Mchuzi wa dengu ulikuwa mtamu, na wajomba zake waliomba waongezewe mara mbili.

Simu ya Kothai ikatetemeka. "Toka nje tuongee. Nakupenda."

Akafuta bila kujibu. Akakifungua kitabu ukurasa wa mwisho, penye namba ya mchapishaji, akapiga.

"Haloo," sauti ya mzee iliitika kutoka Chennai.

"Shikamoo, mzee. Napiga kuhusu kitabu cha hekalu la Vennarkudi. Kisimamisheni kuuzwa. Picha zote mmezichapa kinyume."

"Kinyume kivipi, binti?"

"Chukua kimoja hapo mezani. Fungua ukurasa wa ishirini na mbili. Shiva kainua mguu gani?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Kisha mzee akaguna, kwa sauti ya mtu aliyeona hasara na fedheha kwa pamoja.

"Mungu wangu! Na vimeshafika madukani! Tumempigia mwenyewe tangu asubuhi kwa hesabu za mauzo, hapokei."

"Hatapokea."

"Sasa tutapata wapi picha sahihi? Ukuta wenyewe si umeshaharibiwa?"

"Ninazo hapa. Zote. Elfu sita na mia nne."

"Unazo? Kwani naongea na nani?"

"Mpiga picha," Kothai alisema. "Chukua kalamu, mzee, nikutajie herufi za jina."